Orodha ya kwenye friji: filamu kumi za David Lynch

Karatasi yenyewe imebanwa kwenye mlango wa friji tangu Machi 2025, kwa sumaku yenye umbo la gunzi la mahindi. Ina majina kumi ya filamu, namba zilizofutwa na kuandikwa upya, na mishale inayopandisha hii na kushusha ile. Wino wa bluu ni wangu. Wa kijani ni wa dada mmoja wa Mombasa anayesomea uuguzi hapa mjini. Penseli ni ya kaka wa Bukavu, mtu wa zamu ya usiku, ambaye hupita kwangu asubuhi kunywa chai kabla hajaenda kulala, na kila akipita huangalia kwanza kama kuna aliyegusa namba zake.

Tunaishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, mji unaonukia uji wa oti kila upepo ukivuma kutoka upande wa kiwanda cha Quaker. Waswahili si haba hapa, wengi wametokea Kongo na Burundi. Ila wa kukaa nao saa tatu usiku wa baridi mkabishana juu ya filamu za Lynch, yule mwongozaji wa Marekani, hao nimewapata wawili tu, na nawashukuru.

Lynch alifariki Januari 2025, siku chache kabla hajatimiza miaka 79. Jioni ile dada wa Mombasa alinitumia ujumbe mfupi: "Tuzitazame zote." Filamu zake ndefu ni kumi, kwa hiyo Jumamosi kumi zilitosha. Tukaweka masharti mawili. La kwanza, tutatazama kwenye diski na televisheni, spika zikiwa zimewashwa, wala si kwenye simu. Lynch mwenyewe alilisema hilo kwa ukali: anayetazama filamu kwenye simu anajidanganya kwamba ameitazama. La pili, hakuna kusimamisha isipokuwa kwa swala.

Diski tuliziokota huku na huku. Nyingine maktaba ya umma, nyingine maduka ya mitumba ambako DVD huuzwa kwa bei ya soda, na mbili tatu nilinunua mpya kutoka Criterion, kampuni ambayo kuanzia 2014 imekuwa ikizitoa filamu zake moja baada ya nyingine, picha zikiwa zimesafishwa. Kukusanya kwenyewe kulitufundisha jambo. Filamu ya mtu huyu haikai mahali pamoja. Blue Velvet ya 1986 ilidhaniwa imepoteza vipande vyake vilivyokatwa, kisha vikapatikana, na mwaka 2011 vikatoka kwenye Blu-ray, dakika hamsini hivi. Fire Walk with Me ya 1992, iliyopokelewa vibaya kwenye tamasha la filamu la Cannes, ilisubiri hadi 2014 ndipo dakika tisini hivi za matukio yaliyoachwa nje zikatolewa. Dune ya 1984 ina toleo refu la televisheni ambalo Lynch alilikana, akaliondolea jina lake, likawekwa jina la bandia Alan Smithee. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba Fire Walk with Me ni ya sita, namuuliza kwanza: umeiona kwenye diski ipi?

Sehemu ya chini ya orodha haikutusumbua. Dune ni ya kumi kwa wino wote na penseli. Haki ya kukata picha ya mwisho haikuwa mikononi mwake, na unaiona filamu ikikimbizwa, watu wanasimuliana mambo badala ya kuyatenda. Wild at Heart ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1990, nami nimeiweka ya tisa. Ina moto mwingi na watu wachache wa kuwahurumia. Lost Highway ya nane. Inland Empire ya saba, ya saa tatu, aliyoipiga kwa kamera ndogo ya kidijitali ya Sony, ile ambayo siku hizo ungeweza kuikuta kwa mpiga picha wa harusi. Dada wa Mombasa aliipandisha hadi ya tatu. Anasema picha ile chafu, yenye chengachenga, ndiyo inayofanana na ndoto ya mtu mwenye homa, na kwamba Laura Dern hajawahi kuigiza hivyo mahali pengine. Sikubaliani na namba yake, lakini sababu yake naiheshimu.

Kuanzia ya sita kwenda juu, ndipo palipowaka.

Kaka wa Bukavu ana moja yake, na haibanduki: The Elephant Man ya 1980. Ni habari ya Merrick, mtu aliyeishi London enzi za Malkia Victoria, mwili wake umeharibika kwa maradhi, akionyeshwa kwa watu kwa viingilio. Filamu iliteuliwa kwenye Oscar mara nane ikatoka mikono mitupu. Kazi ya kumvalisha mwigizaji John Hurt ile sura haikuwa hata na kipengele cha kushindania, na malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba mwaka uliofuata tuzo ya urembaji wa waigizaji ikaanzishwa rasmi. Kaka hayo hayamshughulishi. Yeye anarudia mahali pamoja, pale kwenye stesheni ya treni, umati umemzingira Merrick chooni, naye anapiga kelele kwamba yeye si mnyama, ni binadamu. "Mie niliisha kutazamwa vile," alituambia, akaacha hapo hapo. Hatukumuuliza wapi. Tangu siku hiyo hakuna anayegusa ile namba ya penseli, ingawa mimi kwenye karatasi yangu nimeiweka ya nne.

Ya tatu kwangu ni Eraserhead. Ilimchukua karibu miaka mitano, akiipiga usiku kwenye mazizi ya zamani yaliyokuwa chini ya chuo cha filamu alichosoma huko Beverly Hills, huku akisambaza magazeti ili apate cha kula. Kuna tukio moja Henry anashika kitasa cha mlango kutokea nje, halafu tunamwona anaingia chumbani. Kati ya kushika kitasa na kuingia, palipita mwaka mmoja na nusu. Jack Nance, aliyemwigiza Henry, alilazimika kuendelea na zile nywele zilizosimama muda wote huo. Ukijua hilo, tukio lenyewe halibadiliki, lakini unamwelewa fundi aliyelitengeneza. Lynch alianza kama mchoraji, na alisema alichotaka mwanzoni ni kuona mchoro wake ukitikisika na kutoa sauti. Kwenye Eraserhead sauti haikomi: mvuke, mashine za mbali, upepo unaopita kwenye bomba. Tulipoitazama, jirani wa ghorofa ya chini alipanda kuuliza kama mtambo wetu wa kupasha joto umeharibika.

Nikumbushe kwamba orodha yangu ya kwanza, ile ya mwisho wa Machi, haikuwa hii. Ya kwanza ilikuwa Mulholland Drive, kama ilivyo kwa watu wengi duniani. Mwaka 2016 BBC iliwauliza wahakiki wa nchi mbalimbali filamu bora ya karne hii, nao wakaitaja hiyo. Ilianza kama kipindi cha kwanza cha tamthilia ya televisheni, kituo kikaikataa, kisha fedha za Ufaransa zikaifanya kuwa filamu, ikatoka 2001. DVD ya Marekani ilikuja na kikaratasi chenye dokezo kumi za kuitegua. Nakala yangu ya mtumba ilikuwa nacho bado, kimekunjwa ndani ya kasha. Anakuambia uangalie kivuli chekundu cha taa, koti la nyumbani, kisahani cha majivu, kikombe cha kahawa. Anauliza ni nani anayetoa ufunguo, na kwa nini. Na dokezo la kumi linasema hivi tu: Shangazi Ruth yuko wapi?

Sisi watatu tulikesha juu ya kile kikaratasi. Tulichora mistari, tukagawana majina. Na bado dokezo la kumi halikunigusa mpaka Juni, shangazi yangu alipokuja kutoka Tanga kukaa nami miezi mitatu.

Shangazi hajui Kiingereza cha kufuata filamu. Lakini ni mtu wa picha tangu zamani. Mimi mwenyewe nilikulia kwenye vibanda umiza, benchi za mbao, na pembeni mtu ameshika maiki anatafsiri na kuongeza chumvi. Basi nikawa mtafsiri wake. Nilikaa mkono wake wa kulia na kusema kila mstari kwa sauti ya chini. Tukaanza na Mulholland Drive, kwa sababu ndiyo niliyoipenda zaidi na nilitaka kumpa bora yangu.

Betty anafika Los Angeles, anapewa ufunguo na msimamizi wa nyumba, anaingia nyumba ya aunt yake aliyesafiri. Nikasema, "Anaingia nyumbani kwa shangazi yake."

"Shangazi, au mama mdogo?"

Nikakwama. Kiingereza hakisemi. Hilo neno lao moja linabeba dada wa baba, dada wa mama, na wake za wajomba juu yake, wote kapu moja. Nikamwambia sijui, huenda ni shangazi.

"Hapana, baba," akasema bila kuondoa macho kwenye televisheni. "Shangazi hamwachii mtoto wa kaka yake ufunguo kwa mtu, akaenda zake. Angemsubiri. Mtoto ametoka mbali, hajala. Huyo shangazi hayupo."

Kikaratasi cha dokezo nilikuwa sijamwonyesha. Kilikuwa kwenye kasha, juu ya kabati. Jambo ambalo sisi watatu tulilipita mara tatu tukitafuta vivuli vya taa, yeye alilikamata kwa desturi ya nyumbani tu: mlango uliofunguliwa na asiye mwenyeji una kasoro. Na kweli, sehemu ya mwisho ya filamu tunasikia kwamba aunt yule alikwisha kufa, na kwamba aliacha fedha.

Baadaye, Betty alipokuwa si Betty tena bali Diane, uso ule ule, chumba kichafu, macho mekundu, akaniuliza swali la mashabiki wote wa vibanda: "Sasa steringi ni yupi?" Nikamwambia ni yule yule. Akatikisa kichwa. "Yule wa mwanzo ni vile alivyotamani kuwa. Huyu ndiye." Nimesoma makala ndefu juu ya filamu hiyo zisizofika hapo alipofika kwa sentensi mbili.

Lakini nilitaka kuandika juu ya The Straight Story, na nimechelewa kuifikia.

Kwa asiyeijua: mwaka 1994 mzee mmoja wa Laurens, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Iowa hii hii, alipata habari kwamba kaka yake amepata kiharusi. Jina lake Alvin Straight, miaka 73. Macho mabovu, hana leseni ya kuendesha gari, nyonga zimechoka. Akafunga tela nyuma ya mashine ya kukatia nyasi, akaondoka kwenda Mount Zion, Wisconsin, mwendo wa kilomita zipatazo 386. Ni kama kutoka Dar hadi Tanga na kupita kidogo, kwa chombo kinachokwenda polepole kuliko baiskeli. Safari ilichukua wiki sita hivi. Lynch akaifanya filamu, ikatoka mwaka 1999 na kusambazwa Marekani na Disney. Alifuata njia ile ile aliyopita mzee, akipiga matukio kwa mpangilio wa safari. Filamu ya kutazama na watoto, hakuna tusi. Richard Farnsworth, aliyemwigiza Alvin, alikuwa na saratani ya mifupa wakati wa kazi. Zile fimbo mbili anazotembelea hazikuwa za kuigiza tu. Alifariki mwaka 2000.

Dada wa Mombasa alitaka tuiondoe kwenye orodha kabisa. Hoja yake ni nzito. Hadithi hakuiandika Lynch, wameiandika Mary Sweeney na John Roach. Hakuna ndoto, hakuna pazia jekundu, hakuna mtu anayegeuka mwingine. "Hii ni filamu nzuri ya mtu mwingine," alisema. Na mimi Machi nilikuwa nusu nimekubali, nikaiweka ya nne.

Kilichonibadilisha ni mkwaruzo. Nakala niliyonunua mitumba ilikuwa na mchubuko mrefu, na karibu saa moja ndani, picha ikaganda na kuvunjikavunjika. Dada akaitoa, akaifuta kwa ncha ya mtandio kutoka katikati kwenda nje, akairudisha. Ikaanza mwanzo. Sasa, diski ile haina sura. Lynch hakupenda filamu igawanywe vipande, kwa hiyo kwenye DVD ya The Straight Story, na ya Mulholland Drive vilevile, ile orodha ya matukio ya kuchagua haipo. Filamu ni barabara moja bila kituo. Tulikuwa na njia mbili, kubonyeza rimoti na kuikimbiza, au kutulia tutazame saa nzima upya. Usiku ulikuwa bado mbichi. Tukatulia.

Mara ya pili sikuangalia hadithi, nikasikiliza. Mwanzo wa filamu kuna ua wa nyumba mchana, mama mnene jirani analala juani, anaingia ndani kuchukua kitu. Kamera inasogea taratibu kuelekea dirisha la nyumba ya pembeni, taratibu mno, kama mtu anayenyata, na mara unasikia kishindo ndani. Alvin ameanguka jikoni. Humwoni akianguka. Unaliona dirisha tu. Nikamtazama dada, naye akanitazama: huo ndio mwendo wa kamera ya Blue Velvet, inaposhuka kwenye majani mpaka kwa wadudu. Halafu usiku, Alvin na binti yake wanakaa wakisikiliza ghala refu la nafaka likivuma mbali, kwa sababu ni msimu wa mavuno. Ule mvumo ni wa Eraserhead. Ni sauti ile ile ya mashine usiku, isipokuwa safari hii anayeisikiliza haogopi. Ukiishi Iowa unaijua. Septemba na Oktoba madirisha yangu huvuma hivyo.

Baada ya hapo likaja lile tukio la mwanamke na paa. Amegonga paa kwa gari, anashuka analia, anapiga kelele kwamba ndani ya wiki saba amegonga kumi na tatu barabara hiyo hiyo, amejaribu honi, amejaribu taa, amejaribu kuomba, na yeye anawapenda paa. Anatazama pande zote, uwanda mtupu hauna hata kichaka, na hajui wanatokea wapi. Anaondoka. Tukio linalofuata, Alvin anachoma nyama ya paa yule kando ya barabara, na nyuma yake wamesimama paa wa sanamu, kundi zima, wanamwangalia anavyokula. Naye anasogea kidogo, awape mgongo. Nikamuuliza dada: kama hii si ndoto, ni nini? Alikaa kimya. Kisha akasema, "Sawa, ibaki kwenye orodha. Lakini ya sita." Ndipo kalamu yangu ya bluu ilipochora mshale mrefu hadi juu. Lynch mwenyewe aliwahi kuiita filamu yake ya kimajaribio kuliko zote. Nadhani alimaanisha hivyo hasa. Kwingine anakuonyesha pazia ili ujue kwamba nyuma yake kuna kitu. Hapa ameondoa pazia, ameacha mahindi, barabara na mzee, na kile kitu bado kipo.

Shangazi niliiacha kwa wiki yake ya mwisho.

Hakuuliza steringi ni nani. Alipoona mashine ya kwanza imekufa njiani na Alvin amerudi nyumbani juu ya lori la watu, alisema "pole, mzee" kwa sauti, kama yupo chumbani. Msichana mwenye mimba aliyetoroka kwao alipoambiwa habari ya fimbo, kwamba moja huvunjika na zikifungwa pamoja hazivunjiki, shangazi alinitangulia kutafsiri. "Hiyo ya kwenye kitabu cha shule," akasema. Lakini asubuhi yake, msichana ameshaondoka, na pale alipolala kumebaki fimbo zilizofungwa fundo. Alvin hasemi chochote, anaziangalia. Shangazi akavuta khanga yake begani.

Pale baa, Alvin na mzee mwenzake wanasimuliana vita, na nyuma ya maneno yao milio ya mizinga inasikika kwa mbali ingawa picha haitoki mezani. Nilianza kutafsiri, Alvin alimuua nani kwa bahati mbaya, ilikuwaje, nikasikia sauti yangu inaharibu. Nikapunguza. Nikasema maneno matano tu pale palipohitaji hamsini.

Kisha Alvin anafika. Nyumba ya mbao iliyopinda. Anashuka na fimbo zake mbili, anaita jina la kaka yake. Kimya. Anaita tena. Unasikia upepo, huoni mtu. Halafu ndani kunaitikiwa, jina la Alvin, kwa sauti ya mgonjwa, na Harry Dean Stanton, anayemwigiza kaka huyo, anatoka akijikongoja na chuma cha kutembelea. Wanakaa barazani. Hakuna anayesalimia. Kaka mtu anaangalia ile mashine, anaangalia tela, uso wake unaanza kubadilika, na anafungua mdomo kuuliza.

Nikasogea kwenye sikio la shangazi nimtafsirie. Akainua kiganja.

"Nyamaza. Nasikia."

Kaka anauliza kama ameiendesha ile kitu njia nzima kuja kumwona. Alvin anajibu kwamba ndiyo. Wanatazama juu, na picha inapanda kwenye nyota, zile zile za mwanzo. Majina yakapita yote hadi la mwisho, na diski ikarudi kwenye ukurasa wake wa mwanzo, haina sura za kuchagua, ina neno moja la kuanzia tena. Shangazi alikuwa bado anaiangalia.

"Na kurudi je?" akauliza. "Atarudi na ile ile mashine, au kaka yake atamzuia akae?"

Nikamwambia picha haisemi.

"Atamzuia," akasema. Akaomba kalamu, akaenda kwenye friji.